Bastola ya Mirambo na Thamani ya Silaha za Kale

Utajwapo urithi wa utamaduni wa taifa letu, wengi hukumbuka ngoma, vinyago, hadithi, milango ya nakshi na majumba ya kale ya pwani. Ni wachache wanaokumbuka silaha za moto. Sababu yake yaeleweka: bunduki na bastola hazikubuniwa kwetu, na habari zake zimefungamana na biashara ya watumwa, vita, na hatimaye kutawaliwa na wageni. Lakini historia haiwachagui mashahidi wa kupendeza tu. Katika Unyamwezi wa karne ya 19 bunduki iliingia katika uwindaji, katika biashara, katika utawala wa watemi na hata katika lugha. Anayetaka kuielewa nchi ya Tabora ya zama zile hana budi kuielewa bunduki pia.

Silaha ya kale inapoonekana, iwe katika kabati la makumbusho au katika sanduku la ukoo, huzuka maswali mawili. La kwanza: hiki ni kitu gani, na ni cha lini? La pili: kina thamani gani? Watu wengi huruka swali la kwanza na kukimbilia la pili, na wakiona nakshi juu ya chuma hudhani wameshika mali. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi ya kwamba swali la pili halina jibu mpaka la kwanza lijibiwe. Mfano tutakaoutumia ni bastola moja ambayo habari yake imeandikwa: ile aliyopewa Mtemi Mirambo mwaka 1876.

Zawadi ya Serombo

Mwezi Aprili 1876 Henry Morton Stanley, akiwa katika safari yake kubwa ya kuvuka bara la Afrika, alikutana na Mirambo katika mji wa Serombo, Unyamwezi. Watu hao wawili hawakuwa wageni kabisa kwa kila mmoja. Mwaka 1871, alipokuwa njiani kumtafuta David Livingstone, Stanley alijiunga na Waarabu wa Unyanyembe katika vita vyao dhidi ya Mirambo. Vita hivyo vilihusu jambo moja kubwa: nani aitawale njia ya kwenda Ujiji na kutoza ushuru juu ya misafara iliyoipita.

Kwa hesabu aliyoiandika Stanley mwenyewe, jeshi lililotoka Tabora mwaka ule lilikuwa na watu zaidi ya 2,000, na kati yao kama 1,500 walikuwa na bunduki. Aliziorodhesha: za gumegume, za mitutu miwili kutoka Ujerumani na Ufaransa, Enfield za Kiingereza na Springfield za Kimarekani. Orodha hiyo yatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi viwanda vya dunia nzima vilivyokwisha kufika Tabora mabegani mwa wapagazi. Hata hivyo, wingi wa bunduki haukuleta ushindi. Baada ya kuteka kijiji cha Wilyankuru, kikosi cha Waarabu kilikuwa kikirudi na nyara, Mirambo akakivizia njiani na kukiangamiza. Kisha, katika mwezi huo huo wa Agosti, aliingia Tabora yenyewe, na mmoja wa wakuu wa Waarabu, Khamis bin Abdallah, akauawa.

Miaka mitano baadaye, huko Serombo, Stanley na Mirambo walichanjiana udugu wa damu. Aliyeisimamia ibada hiyo alikuwa Manwa Sera, mnyapara wa msafara wa Stanley. Yafaa wanafunzi wasimchanganye mtu huyu na Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe, aliyepigana na Waarabu katika miaka ya 1860. Baada ya ibada, Mirambo alitoa nguo 15 ili wagawiwe wakubwa wa msafara, naye akakubali kupokea nguo tatu tu. Stanley, asitake kuonekana bahili, akamwongezea bastola moja na risasi 200. Habari hiyo imo katika kitabu alichokitoa mwaka 1878.

Tuifikiri zawadi hiyo kwa makini. Bastola ya namna ile hula risasi zilizotengenezwa kiwandani kwa kipimo chake. Risasi 200 zikiisha, na hapana duka la karibu lenye kuuza za kipimo kile, bastola hugeuka kuwa kipande cha chuma. Bunduki ya kushindiliwa mdomoni haikuwa hivyo. Iliweza kulishwa baruti ya kawaida ya kutoka pwani, na badala ya risasi za madini meupe hata vipande vya chuma vilitumika. Kwa hiyo nguvu ya kijeshi ya Mirambo haikuwa katika bastola ya Serombo. Ilikuwa katika vijana wake wa rugaruga, mbinu zake za kuvizia na bunduki nyingi za kawaida walizobeba. Bastola ilikuwa alama ya heshima baina ya watu wawili waliokuwa maadui. Tayari tumeona jambo la kwanza kuhusu thamani: chombo kimoja chaweza kuwa duni vitani na kikubwa katika siasa.

Njia iliyoleta silaha

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako Tabora ilikua. Hapo iligawanyika: upande wa magharibi kwenda Ujiji, upande wa kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na upande wa kusini-magharibi kuelekea Katanga. Richard Burton na John Speke walipoifuata njia hiyo mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, jina walilolitumia kwa mji wa wafanyabiashara wa Unyanyembe. Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi wenyewe, na kila mmoja alichukua mzigo wa kiasi cha kilo 30. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga, masango ya shaba, baruti na bunduki zikapanda bara. Na katika misafara hiyo waliteremshwa pia watu waliotekwa, ambao wengi wao bunduki ndizo zilizowatia pingu.

Kwa nini bunduki zilikuwa nyingi kiasi hicho? Jibu liko Ulaya. Kuanzia miaka ya 1860 mataifa makubwa yalishindana kubadili silaha za majeshi yao. Uingereza iliacha bunduki za kushindiliwa mdomoni ikachukua Snider mwaka 1866, kisha Martini-Henry mwaka 1871. Ufaransa ilichukua Chassepot mwaka 1866, Gras mwaka 1874 na Lebel mwaka 1886. Ujerumani ilichukua Mauser mwaka 1871, na nyingine mpya mwaka 1888. Kila badiliko liliacha malaki ya bunduki kuukuu ghalani, na wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya chini na kuzileta Zanzibar na katika bandari nyingine. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria ya kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Ulaya ikapata pembe za ndovu, nasi tukapata masalio ya maghala yake. Huo ulikuwa ubadilishanaji usio sawa, na kila bunduki ya zama hizo ni ushahidi wake.

Mwaka 1890 mataifa hayo hayo yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kuizuia biashara ya watumwa, mkataba huo ulikataza kuingiza silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Silaha za kisasa zilizokusudiwa ni zile zenye mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu na zile za kujaziwa nyuma. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti. Ni dhahiri ya kwamba jambo hili liliwafaa pia wale waliokuwa wakijiandaa kutawala, kwa kuwa askari wao hawakufungwa na katazo hilo. Kwa mtambuzi wa silaha, mkataba huu unaeleza kwa nini gobori, silaha ya kizamani, iliendelea kuonekana mikononi mwa wananchi muda mrefu baada ya Ulaya kuisahau. Umri wa namna ya bunduki si lazima uwe umri wa matumizi yake.

Namna za silaha na majina yake

Lugha yetu imehifadhi ngazi za ufundi huu. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka polepole. Hii ndiyo ya kale kuliko zote, nayo ilijulikana sana Uarabuni na pwani. Bunduki ya gumegume hutoa cheche kwa jiwe linalogonga chuma. Ya tatu ni ile ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Uingereza ilianza kuwapa askari wake bunduki za namna hii karibu na mwaka 1840. Namna hizi zote hushindiliwa mdomoni kwa mdeki. Ya nne ni bunduki ya kujaziwa nyuma, itumiayo risasi iliyofungwa pamoja na baruti katika ganda la shaba.

Bastola nazo zilifuata ngazi hizo hizo. Bastola yenye silinda ya kuzunguka, ambayo Samuel Colt wa Marekani aliieneza kuanzia miaka ya 1830, mwanzoni ilikuwa ya fataki: kila chumba cha silinda kilijazwa baruti na risasi kutoka mbele. Baadaye zikaja za maganda ya shaba, ambazo silinda yake imetobolewa kutoka mbele hadi nyuma. Ufaransa na Ubelgiji zilitengeneza kwa wingi namna nyingine iliyobuniwa na Lefaucheux, ambayo kila ganda lake lina kijiti cha chuma kilichojitokeza ubavuni; silinda yake hutambulikana kwa vitundu vidogo pembeni ya kila chumba. Kwa hiyo hata kabla ya kusoma herufi yoyote, mtazamaji aweza kuiweka bastola katika ngazi yake kwa kutazama silinda peke yake.

Kuisoma bastola yenye nakshi

Sasa tuseme mwalimu mmoja wa Urambo ameonyeshwa bastola ya kale yenye nakshi za maua na majani, nayo husemwa kuwa ndiyo ile ya Mirambo. Ataipimaje habari hiyo?

Kwanza, aanze na tarehe zilizo thabiti. Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda bara tarehe 17 Novemba 1874. Vitu vyote alivyokuwa navyo Serombo mwaka 1876 alikwisha kuvipata kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo bastola aliyompa Mirambo ilitengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1874. Hiki ni kipimo kikali na chepesi kutumia. Bastola ya Nagant ya Ubelgiji, iliyoanza kutumika mwaka 1878, haipiti. Bastola ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1879 haipiti. Colt ya mwaka 1877 haipiti. Bastola ya Webley ya miaka ya 1860 au Colt ya mwaka 1873 yaweza kupita.

Pili, atafute alama za majaribio. Katika nchi nyingi za viwanda, silaha ilijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ikistahimili hupigwa muhuri. Birmingham ilipewa nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813. Mji wa Liège nchini Ubelgiji, uliotengeneza silaha nyingi mno za kuuza ng'ambo, ulitumia herufi ELG ndani ya umbo la yai tangu miaka ya 1810. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya alama hiyo. Mirambo alifariki Desemba 1884. Basi ikiwa bastola ina ELG yenye taji juu yake, mjadala umekwisha: haikuwa ya Mirambo, hata ikiwa nakshi zake zapendeza namna gani. Hali kadhalika, ikiwa jina la nchi ilikotengenezwa limechongwa kwa Kiingereza, aghalabu silaha hiyo ni ya baada ya mwaka 1890, kwa kuwa mwaka huo Marekani ilitunga sheria ya kudai kila bidhaa iingiayo nchini mwake iandikwe nchi ya asili. Na silaha nyingi za Marekani zimechongwa tarehe za hati za ubunifu. Silaha haiwezi kuwa ya kale kuliko tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake.

Tatu, aitazame nakshi yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Si kila nakshi imechorwa kwa mkono. Colt ya mwaka 1851, kwa mfano, ina picha ya vita vya merikebu kwenye silinda yake. Picha hiyo ilikandamizwa kwa gurudumu la chuma lililochongwa, na ikarudiwa juu ya bastola zaidi ya 200,000. Mistari ya gurudumu huwa na kina kile kile kila mahali. Mistari ya mkono wa fundi hupanuka na kusinyaa, huingia kwa kina kisha hukatika kwa ncha kali. Tena, atazame nakshi inakutana vipi na alama nyingine. Ikiwa mstari wa ua umekata muhuri wa majaribio, au umepita juu ya mashimo ya kutu, basi nakshi iliongezwa baadaye, pengine na mwuzaji aliyetaka kupandisha bei. Mng'aro wa nikeli uliofunika mashimo ya kutu nao ni dalili ya kutengenezwa upya. Na mjuzi atakumbuka pia ya kwamba Liège iliuza bastola nyingi za bei nafuu zilizopambwa ili kumvutia mnunuzi wa mbali, nyingine zikiiga Colt na Smith & Wesson. Nakshi basi si hati ya ukuu wa mwenye silaha.

Nne, alinganishe namba. Sehemu za bastola moja, yaani fremu, silinda na mtutu, mara nyingi hupigwa namba moja kiwandani. Namba zikitofautiana, huenda ni bastola mbili zilizounganishwa.

Tano, azifikiri njia nyingine ambazo bastola ingeweza kuifikia Tabora. Emin Pasha aliitweka bendera ya Ujerumani mjini humo mwaka 1890, na maofisa wa Kijerumani wakaishi huko hadi mwaka 1916. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji, kisha utawala ukawaangukia Waingereza. Wamisionari, wawindaji na wafanyabiashara nao walikuja na silaha zao. Kwa sababu hiyo bastola ya Kibelgiji iliyoonekana Tabora yaweza kuwa na habari ya mwaka 1916 badala ya 1876. Habari hiyo nayo ni historia. Haifai kuitupa kwa sababu tu siyo ile tuliyoitamani.

Sita, na hili ndilo zito kuliko yote, asikilize masimulizi ya wenye kitu. Kilikuwa kwa nani, naye alikipata kwa nani, wapi, na kwa sababu gani? Mwulizaji asitie jibu kinywani mwa mzee kwa kumwuliza, “Hii si ndiyo ya Mirambo?” Aulize kwa uwazi, aandike maneno kama yalivyosemwa, aandike na jina la mahali na tarehe ya mahojiano. Alama za chuma zina uwezo mkubwa wa kukanusha, lakini uwezo wao wa kuthibitisha ni mdogo. Bastola iliyotengenezwa kabla ya 1874 yaweza kuwa ya Mirambo, lakini maelfu mengine yalitengenezwa miaka hiyo hiyo. Kinachoiunganisha moja kati ya hizo na mtu mmoja ni ushahidi wa binadamu, uliopokezanwa bila kukatika.

Bei na thamani

Wanunuzi wa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani hupima silaha kwa mambo machache: fundi au kiwanda chake, uchache wake, uhalisi wa sehemu zake, hali ya uso wake wa asili, ubora wa nakshi, na historia ya umiliki iliyothibitishwa. Vipimo hivyo si vibaya, na mwanafunzi avijue. Lakini huishia katika bei, na bei ni makubaliano ya mwuzaji na mnunuzi siku moja tu. Thamani kwa taifa hupimwa kwa swali jingine: kitu hiki kinatufundisha nini ambacho bila hicho tusingekijua?

Kwa kipimo hicho, linganisha vitu viwili. Cha kwanza ni bastola maridadi, yenye nakshi za mkono na mpini wa lulumizi, lakini haijulikani ilitoka wapi. Cha pili ni gobori bovu, mtutu umeliwa na kutu, tako limepasuka na kufungwa kwa ngozi iliyovishwa ikiwa mbichi ili ikaze ilipokauka, na komeo lake limerekebishwa na mfua chuma wa kijijini; lakini yajulikana lilionekana shamba gani, na ukoo gani ulilitumia kuwindia. Sokoni bastola itashinda. Darasani na katika makumbusho gobori litashinda, kwa kuwa linaeleza njia ya biashara, uwindaji, na zaidi ya yote ufundi wa watu wetu. Mfua chuma aliyetengeneza gobori la kigeni kwa nyundo na moto wake hakuwa mpokeaji tu wa vitu vya ng'ambo. Alama ya nyundo yake juu ya komeo ni maandishi, ingawa haina herufi.

Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote ni kukisafisha kitu cha kale mpaka king'ae. Msasa huondoa kutu, lakini huondoa pia muhuri wa majaribio, namba, rangi ya asili na alama za matumizi. Tako jipya lililochongwa kwa nia njema hufuta kazi ya fundi wa zamani. Anayekipeleka chuma cha kale kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hupata fedha za siku moja, na ukurasa mmoja wa historia huyeyushwa tanurini.

Katika kuthamini tusisahau upande wa maumivu. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwaka uliotangulia alikwisha kuyahimili mashambulizi ya Wajerumani, alizingirwa katika boma lake na kikosi cha Tom von Prince. Alipoona boma linaingiliwa, aliiwasha ghala yake ya baruti ili asianguke mikononi mwa adui. Baruti iliyopandishwa kutoka pwani kwa miaka mingi, ikanunuliwa kwa pembe na kwa watu, mwisho wake ulikuwa huo. Silaha za kale za Tabora zikionyeshwa bila habari ya Isike, bila habari ya mateka waliopita njia ile, na bila habari ya wapagazi waliozichukua mabegani, zitakuwa mapambo tu.

Usalama, sheria na wajibu wetu

Silaha ya kale ni silaha. Bunduki ya kushindiliwa yaweza kukaa na baruti na risasi ndani yake kwa miongo mingi bila dalili yoyote ya nje. Historia ya Urambo yenyewe yatuonya: Dk. Ebenezer Southon, mganga wa kimisionari aliyeishi karibu na Mirambo tangu 1879, alifariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mwanafunzi asijaribu kamwe kuvuta kifyatulio, kuingiza kitu mtutuni au kufungua silinda. Silaha ikionekana, iachwe ilipo, na polisi wapewe habari, kwani umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wakati huo huo watumishi wa makumbusho au wa mambo ya kale nao waarifiwe, ili usalama na historia vilindwe pamoja.

Yafaa pia kujua mipaka ya sheria ya urithi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya kuhamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Gumegume nyingi za njia ya misafara zaweza kuingia humo. Lakini bastola ya mwaka 1870 haiingii kwa umri wake peke yake; inahitaji itangazwe na Waziri mwenye dhamana kuwa kitu cha kulindwa. Hapa ndipo utambuzi mwema unapopata uzito wake. Hakuna awezaye kuomba kitu kilindwe kama hakuna aliyeandika ni kitu gani, cha lini, na kinahusu nini.

Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi kwenye tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho, mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Aweza kuwafundisha kuchora kitu wanachokiona bila kukigusa, kupima urefu wake, kunakili alama na herufi zake, na kuandika masimulizi ya wazee kuhusu matumizi ya vitu vya namna hiyo. Daftari moja lililoandikwa vizuri na darasa la kidato cha tatu laweza kumsaidia mtafiti miaka 50 ijayo.

Hatimaye, mtu akitujia na bastola yenye nakshi na kutuuliza ina thamani gani, tusimtajie bei wala tusimbeze. Tumwulize imetoka wapi, tuzisome alama zake, tuzilinganishe na tarehe tunazozijua, kisha tuandike tuliyoyapata, hata ikiwa jibu ni kwamba siyo ya mtemi yeyote. Zawadi ya Serombo ilikuwa na uzito kwa sababu watu wawili walijua ilitoka kwa nani na ilikwenda kwa nani. Silaha nyingine zote za njia ile zinangoja kuulizwa habari zao namna hiyo hiyo, na kazi ya kuuliza ni yetu.